Kumtenga Si Kumtupa

Iko dhana moja iliyoenea miongoni mwetu, nayo ni kwamba mtu akipatwa na maradhi makali ya kuambukiza, akapelekwa hospitali, akalazwa katika chumba cha peke yake, basi jamaa na rafiki zake wamekwisha kuitimiza haki yake. Daktari amempokea, kitanda amepewa, dawa anameza. Kilichobakia ni kungoja habari, ama njema ama mbaya. Dhana hii nimedhamiria kuipinga. Siipingi kwa ajili ya huruma peke yake, maana huruma isiyo na hoja hupoa upesi kama uji wa asubuhi. Naipinga kwa sababu ni ya uongo, kwa sababu inawaua watu, na kwa sababu inavisaidia vijidudu vilevile ambavyo tunadai kuvipiga vita.

Nitasema zaidi juu ya kifua kikuu. Nimekichagua kwa kuwa ni maradhi ya zamani ambayo hatuna udhuru wa kutoyajua. Robert Koch alikitangaza kijidudu chake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyokiweza, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyouonyesha ulimwengu kwamba tiba iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu ingeweza kufupishwa ikawa ya miezi sita. Wagonjwa wale walikaa hospitalini muda huo mrefu, mbali na mashamba yao na watoto wao, na majina yao hayakuandikwa popote tunapoweza kuyasoma. Lakini kila anayepona leo kwa miezi sita amerithi subira yao. Tiba hiyo hutolewa bure katika hospitali za serikali nchini Kenya. Na bado, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na wapatao milioni 1.25 walikufa kwacho.

Maradhi yanayotibika yanaua watu milioni moja na robo kwa mwaka mmoja! Mwenye akili hana budi kuuliza kuna nini kati ya dawa na kinywa cha mgonjwa. Yako mengi: njaa, nauli, umbali wa zahanati, vijidudu vilivyokwisha kuzizoea dawa, maradhi mengine yanayoudhoofisha mwili kwanza. Liko pia jambo moja ambalo haliingii kwa urahisi katika vitabu vya hesabu, nalo ni yale yanayompata mgonjwa moyoni tangu dakika anapoambiwa jina la ugonjwa wake.

Tumtazame tangu siku ya kwanza. Wagonjwa wengi siku hizi hutibiwa nyumbani. Wanaolazwa ni wale waliozidiwa, au wale ambao vijidudu vyao vimekuwa sugu. Huyu wetu amekohoa kwa muda wa mwezi, amepungua mwili, na usiku nguo zake hulowa jasho. Amekwenda hospitali akidhani kwamba atapewa chupa ya dawa ya kifua arudi nyumbani kabla ya jua kuchwa. Anaambiwa ateme makohozi katika kikopo, angoje. Anapoitwa tena, yule anayemwita amevaa barakoa ambayo asubuhi hakuwa nayo. Kabla ya neno lolote kutamkwa, kile kitambaa kimekwisha kusema. Anaongozwa ukumbini akitangulizwa mbele kidogo, watu wanasogea kumpisha, na yeye anajua kwamba hawasogei kwa heshima.

Usiku wa kwanza haulali, hata kama mwili umechoka. Maswali huja kwa zamu. Nani aliniambukiza? Hilo si zito sana. Zito ni lile la pili: nani nimemwambukiza mimi? Mama aliyemlaza mtoto kifuani pake jana, leo anakihesabu kila kikohozi alichokikohoa juu ya utosi wa mtoto yule. Mwenye kibanda cha mboga anajua kwamba nyanya zake zinaoza wakati yeye anatazama dari. Kijana wa kidato cha nne anakadiria siku zilizobaki kabla ya mtihani, na anaona kwamba hazitoshi. Kitanda cha pili kuna mzee anayekohoa mfululizo; asubuhi kitanda hicho ni kitupu, godoro limeegemezwa ukutani lipigwe jua, na hakuna mtu aliyemweleza kama mzee amehamishwa, amepona, au vinginevyo. Mgonjwa haulizi. Anaogopa jibu.

Kesho yake anakwenda haja ndogo, anaona mkojo mwekundu. Rifampisini, dawa iliyo kubwa katika tiba hii, huupaka mkojo, jasho na hata machozi rangi ya chungwa lililoiva. Rangi hiyo haina madhara yoyote. Sentensi moja ya muuguzi, isiyochukua hata nusu dakika, yatosha kumtuliza mtu. Asipoambiwa, huamini kwamba anatokwa damu na kwamba dawa ndiyo inayommaliza. Wako walioacha kumeza vidonge kwa sababu ya sentensi moja ambayo hawakuambiwa.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye ameniruhusu kuyasema haya bila ya kumtaja jina, alilazwa mwaka 2017 kwa kifua kikuu sugu. Siku hizo tiba ya ugonjwa huo iliweza kufika miezi ishirini, na miezi ya kwanza ilikuwa ya sindano za kila siku, sindano ambazo zilijulikana wazi kwamba huweza kuharibu masikio. Mwezi wa pili alianza kusikia mlio kama wa nyenje, mchana na usiku. Baadaye nyenje wakanyamaza, na sauti nyingine nyingi zikaanza kunyamaza pamoja nao. Dawa nyingine aliyopewa, sikloserini, huweza kumletea mtu huzuni nzito, na wengine huwavuruga akili kabisa. Kwa hiyo hakuweza kujua ni machozi gani yake na ni yapi ya kidonge. Fikirini hali ya mwalimu, ambaye kazi yake yote ni kusikia na kusikiwa, akiona mlango huo unafungwa polepole.

Lakini nilipomwuliza ni jambo gani lililomwumiza kupita yote, hakutaja masikio. Alisema kwamba alipokuwa bado anasikia vizuri, alijifunza kuwatambua watu kwa viatu vyao. Saa ya kutazama wagonjwa ikifika, alikaa kitandani akasikiliza. Hatua zilikuja, zikapita mbele ya mlango wake, zikaingia chumba cha pili. Ndugu yake wa tumbo moja alikuja mara tatu katika miezi minne. Alisimama uani, akaita kwa sauti, akaweka chupa ya maziwa dirishani, akaenda zake. “Maziwa yalikuwa mazuri,” mwalimu yule aliniambia, “lakini mimi sikuwa paka.”

Ndugu yule si mtu mwovu. Ukimwuliza, atakuambia kwamba aliwalinda watoto wake. Hapa ndipo ninapokutana na wapinzani wangu, maana wao husema: hofu ndiyo ngao yetu, ukiwaondolea watu hofu, watakaa na wagonjwa ovyo, nasi sote tutaugua. Hoja hii haistahili kubezwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kifua kikuu cha mapafu huambukiza. Vijidudu hutoka kwa mgonjwa anapokohoa, anapoimba, hata anaposema, vikaelea hewani, na mwenye kuvuta hewa hiyo kwa muda mrefu katika chumba kilichofungwa huweza kuvipokea. Asiyeamini hili asiende kumtazama mgonjwa, kwani atajidhuru yeye na wengine.

Nusu ya pili ya hoja ndiyo inayoanguka. Kijidudu hiki hakipatikani kwa kupeana mkono, wala kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa shuka. Kifua kikuu cha mifupa au cha tezi, kikiwa hakiko pia mapafuni, kwa kawaida hakimwambukizi mtu mwingine. Na mgonjwa wa mapafu akianza kumeza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi sana; desturi ya madaktari imekuwa kuhesabu wiki mbili hivi, na kwa wenye vijidudu sugu wakahitaji vipimo na muda zaidi. Sasa tazameni jinsi hofu yetu inavyokosea saa yake. Mtu alipokuwa hatari hasa, kabla hajapimwa, tulikunywa naye chai, tulibanana naye katika matatu yenye madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa mvua, tulikaa naye kanisani au msikitini. Alipopimwa, akaanza dawa, na hatari yake ikaanza kupungua kila siku, ndipo tulipomkimbia. Ngao gani hii inayoinuliwa baada ya mshale kupita?

Tena mwogopaji hajitazami mwenyewe. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamekwisha kuambukizwa kijidudu cha kifua kikuu, ingawa walio wengi hawataugua kamwe. Katika kila mia walioambukizwa, watano hadi kumi ndio watakaougua katika maisha yao. Basi yule anayesogeza kiti chake mbali na mgonjwa huenda naye anacho kijidudu hicho, kimelala kifuani mwake, kikingoja siku ya udhaifu.

Jambo la kutenga lilikwisha kupimwa kwa mizani ya sayansi zamani. Kuanzia mwaka 1956, katika mji wa Madras kule Bara Hindi, ambao sasa unaitwa Chennai, wagonjwa maskini waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lililazwa katika hospitali ya kifua kikuu kwa mwaka mmoja, likapewa chakula kizuri na mapumziko. Fungu la pili likatibiwa majumbani mwao, katika vyumba vilivyosongamana, chakula kikiwa haba. Dawa zilikuwa zilezile. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1959, yaliwashangaza wengi: waliotibiwa nyumbani waliendelea karibu sawasawa na waliolazwa, na jamaa waliokaa nao hawakuonekana kuugua zaidi kuliko jamaa za wale waliotengwa. Dawa ndiyo iliyowakinga, si ukuta. Ni zaidi ya miaka 60 sasa, na sisi bado tunaamini ukuta.

Wala sisemi kwamba pasiwe na wodi za kutengea. Katika miaka ya 1950 Nairobi ilijengewa hospitali ya maradhi ya kuambukiza huko Mbagathi, na wengi wamepona humo. Kuna siku ambazo mgonjwa lazima akae kando, na yeye mwenyewe, akielezwa vizuri, hulikubali jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote, maana hakuna ampendaye mtoto wake kuliko yeye. Nachopinga ni kule kulichukua neno la daktari, “mtengeni kwa muda”, na kulitafsiri kwa desturi zetu likawa “mtupeni”. Kutenga kuna mwanzo na mwisho, kuna sababu inayoweza kuelezwa, na katikati yake mtu anabaki kuwa mtu. Kutupa hakuna mwisho. Mtu hurudi kijijini na barua ya daktari mfukoni, akakuta mkeka wake umechomwa moto.

Wapinzani wangu wa pili ni wale wanaosema kwamba mgonjwa amejitakia, kwa pombe au kwa zinaa. Hawa nitawajibu kwa maneno machache. Kijidudu kinachoelea hewani hakimwulizi mtu alilala wapi jana. Hupenda vyumba visivyo na madirisha, miili isiyoshiba, migodi, magereza na mabweni. Kwa hiyo kama tunatafuta mwenye hatia, tuanze na waliovijenga vyumba hivyo na wanaovipangisha.

Wa tatu nawastahi zaidi. Ni wauguzi waliochoka, wanaosema: sisi tuko wachache, wagonjwa ni wengi, hatari ni yetu pia, na wewe mwalimu wataka tukae vitandani tupige hadithi? Sitaki hivyo. Najua kwamba wauguzi na madaktari nao huambukizwa wakiwa kazini, na wengine wamekufa. Barakoa ni haki yao. Nataka tu siku ya kwanza mgonjwa aambiwe, “Nimevaa hii kwa wiki chache kwa sababu ya hewa, si kwa sababu yako.” Nataka aitwe kwa jina lake, asiitwe kwa nambari ya kitanda au kwa jina la ugonjwa. Nataka aambiwe habari ya mkojo mwekundu kabla hajauona. Haya yote hayamalizi robo saa ya muuguzi, na yanaweza kumwokolea miezi ya taabu, kwa kuwa mgonjwa anayetoroka wodini leo hurudi mwakani na vijidudu vibaya zaidi. Tiba hii haimezwi mara moja kama dawa ya minyoo. Ni vidonge vya kila siku kwa miezi, vingine vikichafua tumbo, na mgonjwa lazima aendelee navyo hata baada ya kikohozi kukoma na mwili kunenepa. Asiye na sababu ya kuishi hatafanya kazi hiyo. Na sababu za kuishi hazitoki katika duka la dawa la hospitali. Huletwa na wageni.

Matokeo ya kutupa watu tumekwisha kuyaona nchini mwetu, na mfano mbaya kupita yote haukutokea wodini, ulitokea gerezani. Mwezi wa Agosti 2010, mwezi uleule ambao Katiba yetu mpya ilitangazwa, watu wawili wa Nandi walikamatwa kwa kuacha kumeza dawa za kifua kikuu, wakafikishwa mahakamani Kapsabet. Amri ikatoka kwamba wawekwe katika gereza kwa miezi minane, wapate kutibiwa. Gereza! Mahali penye msongamano, ambapo hewa ya mmoja ni hewa ya wote. Kama mtu angeketi mezani na kubuni njia ya kukieneza kifua kikuu, asingebuni nzuri kuliko hiyo. Na hao wawili, wagonjwa wasio na wizi wala ugomvi wowote, walilala miongoni mwa wafungwa siku 46 kabla ya kuachiliwa. Shauri lao lilifika mbele ya Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, na tarehe 24 Machi 2016 akaamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani ili watibiwe ni kinyume cha Katiba, na kwamba Sheria ya Afya ya Umma haikutoa ruhusa hiyo. Aliiagiza serikali itunge utaratibu wa haki wa kuwatenga wenye maradhi ya kuambukiza. Angalieni tarehe: ni ileile ya tangazo la Koch, miaka 134 baadaye.

Nawasihi nyinyi wanafunzi msiipite habari hiyo kama habari za mahakama tu. Jiulizeni ni nani aliyeketi na watu hao wawili, kabla ya askari kuitwa, akawauliza kwa nini wameacha dawa. Mtu huacha vidonge kwa sababu vinamkata tumbo naye hana chakula cha kuvimezea. Au kwa kukosa nauli. Au kwa kuchoka kuonekana kila asubuhi kwenye mlango wa zahanati unaojulikana na kijiji kizima kuwa ni mlango wa wenye kifua kikuu. Swali moja lingalifanya kazi ambayo pingu hazikuweza kuifanya.

Je, tulijifunza? Ugonjwa wa korona ulipofika Kenya Machi 2020, tulifunga safari ileile kwa njia ileile. Waliowekwa karantini walitakiwa walipie gharama za kukaa humo, muda wao ukaongezwa bila wengi wao kuelezwa sababu, hata wengine wakaonekana wakiruka ukuta. Aprili mwaka huo, katika Kaunti ya Siaya, mtu mmoja alizikwa usiku, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, na nchi nzima ikayaona. Aliyeyaona hayo akiwa na kikohozi chake mwenyewe, unadhani kesho yake alikwenda kupimwa? Kiswahili kinasema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Kweli, lakini methali hiyo inamlaumu mfichaji peke yake, na mimi ningependa kujua ni nani aliyemfundisha kuficha.

Mafunzo hayo huanza mapema, na mara nyingine huanza shuleni. Katika shule moja niliyopata kufundisha, mvulana wa kidato cha tatu alirudi kutoka hospitali baada ya majuma tisa. Alikuwa na barua ya daktari iliyosema wazi kwamba hawezi kumwambukiza mtu na kwamba aendelee na masomo yake na vidonge vyake. Barua ilisomwa, ikawekwa katika faili. Jioni ile kitanda chake kilikuwa kimehamishwa mpaka karibu na stoo, na kikombe chake kimepakwa alama ya rangi nyekundu. Mpishi mkuu, mzee ambaye hakusoma sana, ndiye aliyeagizwa kwanza kuipaka rangi hiyo, akakataa. Alisema kwamba yeye huchemsha maji ya kuoshea vikombe 500 kila siku, na hakuajiriwa kuwa mchoraji. Ikapakwa na mtu mwingine, aliyesoma. Alama ilibaki mpaka mwisho wa muhula. Mvulana yule aliniambia kwamba wodi ilikuwa nafuu kuliko bwalo la chakula, kwa kuwa wodini kila mtu alikuwa mgonjwa.

Wenzake hawakuwa wakatili. Walikuwa vijana kama nyinyi, wenye kucheka na kugawana mkate. Walifanya walivyoona wakubwa wamefanya. Lakini nyinyi mmesoma somo la baiolojia, mnajua vijidudu hupita njia gani na havipiti njia gani, kwa hiyo hamwezi tena kujitetea kwa ujinga wa wakubwa wenu. Aliyesoma kwamba kijidudu hiki hakikai katika kikombe, kisha akaogopa kikombe, hakusoma, alikariri.

Iwapo, basi, rafiki au mwalimu au jirani yenu amelazwa, mwende. Kwanza mwulizeni muuguzi mlangoni kama yuko katika siku za kuambukiza, na kama mnaruhusiwa kuingia. Wasioruhusiwa, kwa umri au kwa afya zao, waandike barua, na barua ziwe ndefu, zenye habari za nani amefunga bao na mwalimu gani amehamishwa. Wanaoruhusiwa wavae barakoa watakayopewa, na wamweleze mgonjwa kwa nini wameivaa. Msikae saa nzima. Msimtazame kama mnaotazama maiti, wala msimhadithie habari za shangazi wa fulani aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Nimewasikia wageni wakifanya hivyo, tena kwa sauti ya kufariji. Mwulizeni anasoma nini, anakula nini, nani amlindie kuku au amlipie kodi ya chumba. Mkimkuta amekasirika, mjue kwamba hasira yake haikuwa yenu. Ilikuwa ya hatua za viatu zilizopita mlangoni juma zima. Huenda siku ya kwanza asiseme neno. Vuteni kiti palepale mlipoonyeshwa na muuguzi, mkae, na dirisha lisifungwe.